Matete, Ngozi na Manyoya: Majina ya Vifaa vya Kuandikia Yalikotoka
Mhadhara kwa wote, Tunduma



Anayetaka kuona karatasi inavyoendesha dunia hana haja ya kupanda basi la Dodoma. Asimame hapa Tunduma asubuhi, atazame foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na kutoka huko yaende Kitwe, Ndola, Lubumbashi. Lori limebeba tani 30, injini yake ni nzima, dereva ameshiba na ana usingizi wa kutosha, lakini halisogei mpaka karatasi isogee kwanza. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019 ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Foleni ikapungua. Karatasi haikufutwa.

Msiogope, sikuja kuzungumzia ushuru. Nimekuja na majina tu: karatasi, kalamu, penseli, daftari, dawati, na ndugu zao wachache. Tunayatamka kila siku bila kuyatazama usoni. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba mengi kati ya majina hayo ni majina ya malighafi zilizokwisha kutoweka. Kifaa kilipewa jina la kitu kilichotumika kukitengeneza mara ya kwanza: tete, ngozi, unyoya, funjo. Baadaye malighafi ikabadilika, jina likagoma kuondoka. Tena majina hayo yalisafiri pamoja na bidhaa, kwa njia zilezile za biashara, ndiyo maana mji wa mpakani ni mahali pazuri pa kuyakamata.

Tuanze na karatasi yenyewe, kwa sababu hapo Tunduma ina jambo ambalo Dar es Salaam haina.

Wamisri wa kale walichuma mafunjo kando ya Mto Nile, wakapasua mashina yake vipande vyembamba, wakavipanga kwa kupishana, wakavigandamiza na kuvikausha. Wagiriki walionunua bidhaa hiyo waliita gombo lake khartes. Neno hilo likaingia katika Kiarabu likawa qirtas. Limo hata ndani ya Kurani, katika Sura Al-An'am. Kutoka Uarabuni likashuka na majahazi ya pepo za kaskazi hadi pwani yetu, Waswahili wakaliongezea irabu zao, likawa karatasi. Hiyo ndiyo njia ya mashariki, na wasomi wengi wanaifahamu.

Ila Warumi nao walilichukua neno lilelile kwa Wagiriki, wakasema charta. Wareno, ambao lugha yao ni mtoto wa Kilatini, wakasema carta, yaani barua. Wareno hao walifanya biashara karne nyingi kwenye bonde la Zambezi, na neno lao likapanda bara. Leo ukivuka hatua chache kutoka hapa tulipo, ukamsikiliza Mbemba au mtu anayezungumza Kinyanja, barua anaiita kalata.

Kwa hiyo mtu wa Tunduma anaposema karatasi, na shemeji yake wa Nakonde anaposema kalata, wanatamka neno moja lililoachana zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Moja lilipita kwa Waarabu na Bahari ya Hindi, jingine likapita Roma, Lisbon na Zambezi. Wamekutana hapa, kwenye mpaka, na hawajuani.

Mpaka wenyewe ni kazi ya karatasi. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba uliogawa uwanda huu baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wapima ardhi walikuja kusimika alama mwaka 1898. Wanyamwanga, wenyeji wa hapa, walijikuta upande huu na upande ule bila kuhama nyumba. Ng'ambo kidogo tu, katika misheni ya Mwenzo, walimu wa Kiafrika walianzisha mwaka 1912 chama cha ustawi wa watu wao. Kati yao walikuwemo Donald Siwale na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda. Walijua kwamba watawala waliokuja na karatasi wanapaswa kujibiwa kwa karatasi.

Kabla hatujaiacha karatasi, naomba niwaongezee watoto wengine wa khartes, maana ukoo huu ni mkubwa. Wareno walipopita pwani yetu walituachia karata, zile za kuchezea arubastini chini ya mwembe. Ni carta ileile. Kwa Kiingereza carta ikawa neno tunalolitamka kadi: kadi ya harusi inayokujia na kiwango cha mchango, kadi ya kliniki, kadi nyekundu ya refa. Waitaliano walichukua carta wakaikuza, wakapata neno la karatasi nene, na humo zikatoka katoni na katuni. Wachoraji wao walichora rasimu za picha zao kwenye karatasi nene, ndiyo maana mchoro ukarithi jina la kilichochorewa. Chati nayo imo. Mfanyabiashara wa Tunduma mwenye katoni kumi za sabuni, kadi ya mchango mfukoni, na karata kwenye droo, ameshika funjo la Mto Nile mara tatu kabla ya saa sita mchana.

Sasa kalamu.

Kalamu ni tete. Wagiriki waliita tete kalamos, Waarabu wakasema qalam, na sura ya 68 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo. Mwandishi alikata tete kavu, akalichonga ncha kwa kisu, akapasua ncha hiyo katikati ili wino ushuke taratibu. Matete tunayo wenyewe, tele, kwenye maji yanayoelekea Ziwa Rukwa. Kalamu yetu ya sasa ni ya plastiki na chuma, lakini Kiswahili kimehifadhi kisu cha yule mwandishi: bado tunachonga penseli, na kifaa chake ni kichongeo. Wakati fulani kitenzi hukumbuka kitu ambacho mikono imekwisha kusahau.

Nje ya mada kidogo. Waitaliano waliita chombo cha kuwekea kalamu na wino calamaio, na yule ngisi anayemwaga wino baharini akapata jina la ukoo huohuo, calamaro. Kwa hiyo katika hoteli za kitalii za Zanzibar mgeni akiagiza kalamari, ameagiza, kwa asili ya neno, kikasha cha kalamu. Nasi tunamwita ngisi tu, tunamla.

Wino haukufuata msafara wa karatasi na kalamu. Waarabu wana hibri na midadi. Pwani ya Waswahili ilibaki na wino, neno lake yenyewe. Ni jambo la kuzingatia, kwa sababu wengi hudhani kwamba kila kinachohusu kuandika tulikipokea kimefungwa katika furushi moja kutoka Uarabuni. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alianza kwa kumwita aketi, ashike wino na karatasi. Katika ombi hilo moja la mama kwa mwanawe kuna neno lililovuka bahari na neno ambalo si la Kiarabu, yamekaa pamoja bila ugomvi. Na wino wa pwani haukuwa wa kusoma tu. Waganga na masharifu waliandika, na wengine bado wanaandika, aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, wakaziosha kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe. Nadhani ni mahali pachache duniani ambapo maandishi humezwa kwa maana halisi.

Wale mnaosema peni, nanyi mna lenu. Neno hilo limetoka kwa Waingereza, ambao walilipata katika Kilatini penna, yaani unyoya. Wazungu waliandika kwa manyoya ya bata bukini kwa zaidi ya miaka elfu moja. Basi anayesema kalamu ameshika tete, anayesema peni ameshika unyoya, na wote wawili wameinunua dukani kwa bei moja.

Hapa watu wengi hudhani penseli ni mtoto wa peni. Si kweli. Yanafanana kwa sura tu. Penseli imetoka katika penicillus, neno la Kilatini lenye maana ya mkia mdogo: ilikuwa brashi nyembamba ya mchoraji, iliyofungwa manyoya ya mnyama. Mkia mdogo ukaja kuwa kijiti chenye ncha nyeusi ndani.

Hiyo ncha nyeusi ndiyo inayonipendeza kuliko yote, na naomba nikae hapo kidogo.

Wazee wetu hawakusema penseli. Walisema kalamu ya risasi, na kamusi zetu bado zinalo. Mtoto wa leo akisikia risasi anafikiria bunduki, anajiuliza kalamu hiyo ilikuwa ikifyatuliwa vipi. Risasi hapa ni yale madini laini, mazito, ya kijivu, ambayo yalitumika kutengenezea risasi za bunduki. Sasa fungua penseli yoyote, tafuta risasi ndani yake. Hakuna. Haijawahi kuwemo. Kilichomo ni madini ambayo sisi Watanzania tunayaita kinywe.

Kosa lilianzia Uingereza. Katika karne ya 16, huko Borrowdale, milima ya kaskazini-magharibi, watu walipata mkondo wa madini meusi yanayoteleza, safi ajabu. Inasimuliwa kwamba wachungaji waliyatumia kuwatia kondoo alama. Tangu zamani waandishi wa Ulaya walikuwa na vijiti vya risasi halisi kwa ajili ya kuchora mistari kwenye ngozi, na jiwe hili jipya liliandika vilevile, tena vizuri zaidi, kwa hiyo wakaamua kwamba ni aina ya risasi. Wajerumani wakaita penseli Bleistift, kijiti cha risasi. Waarabu wakasema qalam rasas. Waswahili wakatafsiri sawasawa kabisa: kalamu ya risasi.

Mwaka 1779 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alithibitisha kwamba jiwe lile si risasi, ni kaboni. Miaka kumi baadaye Mjerumani Abraham Gottlob Werner alilipa jina la kitaalamu, grafiti, kutokana na kitenzi cha Kigiriki cha kuandika. Yaani madini yalipewa jina la penseli. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, nchi yake ikiwa vitani na imezuiwa kununua bidhaa za Waingereza, alichanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi akauchoma, na hiyo ndiyo penseli tunayoitumia hadi sasa. Sayansi ilikuwa imekwisha kusahihisha kosa, lakini masahihisho hayakulifikia jina. Lilivuka Bahari ya Mediterania na Bahari ya Hindi likiwa bado na risasi yake, likaingia madarasani kwetu.

Sisi wa mkoa huu wa Songwe tuna haki ya kucheka kidogo. Kinywe kinapatikana nchini humu, kule Mahenge katika Ulanga, kule Ruangwa mkoani Lindi. Na kaboni, ambayo ndiyo kinywe, ndiyo pia uti wa makaa ya mawe yanayochimbwa Kabulo, wilayani Ileje. Lori la makaa linalopita barabarani na penseli ya mtoto wa darasa la kwanza vina damu moja. Hakuna chenye risasi, isipokuwa betri ya lori.

Daftari sitalichelewesha, ingawa lina hadithi ya kutisha. Wagiriki waliita ngozi iliyoandaliwa diphthera. Mwanahistoria Herodotus anaeleza kwamba Waionia waliendelea kuviita vitabu ngozi, kwa sababu zamani, mafunjo yalipoadimika, waliandika kwenye ngozi za mbuzi na kondoo. Neno likapita kwa Waajemi na Waarabu likawa daftar. Waturuki, Wahindi na Wamalay wanalo. Mwaka 1826 daktari wa Kifaransa, Pierre Bretonneau, alikuwa akichunguza ugonjwa unaoziba koo za watoto kwa utando mgumu kama ngozi, akaupa jina kutoka neno hilohilo la Kigiriki. Kwetu ugonjwa huo ni dondakoo. Mama anayempeleka mwanawe kliniki akachanjwe dondakoo, kisha muuguzi akaandika katika daftari, amepokea neno moja mara mbili kwa njia mbili. Na ile ngozi ya mbuzi imepanda cheo: tunayo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo liko kwenye kompyuta na halina hata ukurasa.

Ukurasa, nimeutaja, haujawahi kuwa neno la Kiarabu. Waarabu walikuwa na kurrasa, kijitabu. Masikio ya Kiswahili yalisikia wingi, kama kuta na kucha, yakaamua lazima kuwe na umoja wake, yakazaa ukurasa. Hatuazimi tu, tunarekebisha.

Tulipopewa mkoa wetu mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa, tulizaliwa katikati ya kelele za madawati. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari, watoto wamefurika, na Rais Magufuli akaagiza kufikia tarehe 30 Juni pasiwe na mwanafunzi anayekaa chini. Kila mbao iliyopatikana ikageuzwa dawati. Nadhani ni wachache waliojua kwamba dawati, kwa asili, ni kichupa cha wino. Kiarabu dawat ni kidau cha kuchovyea kalamu. Kidau kikawekwa katika kikasha pamoja na kalamu na karatasi, kikasha kikachukua jina. Kikasha kikaota miguu, kikawa meza ya mwanafunzi. Sasa hata miguu haihitajiki: Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi ni huduma, ni askari waliofunzwa kusikiliza, na wanaweza kukusikiliza mkiwa mmekaa kwenye benchi.

Chuo kimepita njia ya kinyume. Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 ipo hadi leo, unajulikana pia kama Chuo cha Herekali. Mahali pa kusomea vyuo pakaitwa chuo, na mwanachuoni akawa mtu wa vitabu. Wajerumani walipokuja na Schule yao, chuo kiliwaachia watoto shule, chenyewe kikapanda ngazi. Kijana anayeomba nafasi Chuo Kikuu anaomba, kwa lugha ya babu, kitabu kikubwa. Ni ombi zuri.

Na kitendo chenyewe? Kuandika hatukukiazima. Kuandika ni kupanga vitu mahali pake. Ndiyo maana tunaandika meza kabla ya chakula, ingawa meza yenyewe ni ya Wareno. Aliyeandika herufi alikuwa akizipanga. Kila jamii hapa ilikuwa na neno lake la kazi hiyo kabla vitabu vyake havijachapwa. Na vitabu hivyo ni vya zamani: Agano Jipya la Kinyiha, kazi ya mmisionari wa Kimoravian Traugott Bachmann wa Mbozi pamoja na wenyeji waliomfunza lugha, lilitoka mwaka 1913, miaka mingi kabla ya sisi sote humu ndani kuzaliwa.

Kalamu za siku hizi zimeacha malighafi zikageukia watu. Mwandishi wa habari wa Hungaria, László Bíró, alisajili mwaka 1938 kalamu yenye gololi ndogo kwenye ncha, inayoviringika katika wino mzito usiochafua karatasi. Mfaransa Marcel Bich akanunua haki, akaondoa herufi ya mwisho ya jina lake, na mwaka 1950 akatoa kalamu ya bei ya chini kabisa. Hapa kwenye maegesho ya malori mnaweza kuwasikia wote wawili: dereva Mkenya anaomba biro, dereva wa Lubumbashi anaomba biki. Kila mmoja anaomba mtu. Mnyanja peke yake anaomba cholembera, kitu cha kuandikia, kutoka kitenzi chake mwenyewe kulemba. Hana tete, hana unyoya, hana Mhungaria.

Navutiwa na njia hiyo ya Mnyanja, na sisi tunayo katika kifaa kimoja: ufutio, kutoka kufuta. Waingereza walifanya hivyohivyo. Mwaka 1770 mwanasayansi Joseph Priestley alieleza kwamba utomvu mkavu kutoka Amerika ya Kusini unafuta alama za penseli vizuri ajabu, na utomvu huo ukapewa jina kutokana na kitenzi chao cha kusugua. Baadaye ukawa matairi, mabomba na soli za viatu, bado ukiitwa kisugulio. Tukaupokea hivyo: raba. Ndiyo maana mwanafunzi akiingia steshenari, yaani, kwa Kilatini cha vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, duka la mchuuzi mwenye kituo asiyezunguka kama machinga, ni afadhali aombe ufutio. Akisema raba, muuzaji anaweza kumuuliza anavaa namba ngapi.